Saratani ya Koo Inapovuka Shingo

Ndugu zangu, madaktari na wauguzi mliopo, na hasa ninyi mnaomuuguza mtu nyumbani, asanteni kwa kuitikia mwito.

Nimeombwa nizungumzie saratani ya koo inaposambaa hadi sehemu za mbali za mwili. Nitaanza na swali ninaloulizwa mara nyingi, pale picha ya kifua inapofunguliwa kwenye skrini na mgonjwa akaona kidoa cheupe katikati ya weusi wa pafu. "Daktari, kwa hiyo sasa nina saratani mbili? Ya koo na ya mapafu?"

Kama kile kidoa kimetoka kooni, jibu ni hapana. Saratani ni moja, imehama makazi. Ukichukua kinyama pale pafuni ukakitazama kwa hadubini, utakuta seli za aina ileile iliyoonekana kooni, na ndiyo maana hutibiwa kwa dawa za saratani ya koo. Nasema "kama" kwa makusudi, kwa sababu si kila doa kwenye pafu la mtu aliyewahi kuugua koo limetoka kooni. Nitalirudia hilo baadaye, maana kuna watu wamekata tamaa kwa doa ambalo hata halijapimwa.

Kabla ya hapo, naomba mbebe jambo moja. Kati ya koo na mapafu kuna shingo. Sehemu kubwa ya saratani za koo hupita shingoni kwanza, zikajenga kwenye tezi na kukaa hapo kwa muda kabla hazijakwenda mbali. Wakati huo mgonjwa bado ana nafasi nzuri ya kupona kabisa. Na ni wakati ambao wengi wanaupoteza kwa sababu uvimbe hauwaumi.

Tukisema koo tunakusanya sehemu kadhaa ambazo tabia zake hazifanani. Juu kabisa, nyuma ya pua, kuna sehemu ya kwanza ya koromeo. Chini yake, nyuma ya kinywa, kuna tonsili, kaakaa laini na shina la ulimi. Chini zaidi kuna sehemu ya mwisho ya koromeo, inayopakana na umio. Mbele yake kuna zoloto, chombo cha sauti. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za maeneo haya huanzia kwenye seli bapa za utando, lakini usambaaji wake hutegemea sana mahali ilipoanzia.

Tazama zoloto peke yake. Nyuzi za sauti zina mishipa michache mno ya limfu, yaani ule mtandao wa mirija membamba unaobeba majimaji ya mwili na kuyapitisha kwenye tezi. Saratani ikianzia kwenye uzi wa sauti, mambo mawili hutokea: sauti hukwaruza mapema, na seli hukosa njia rahisi ya kutorokea. Anayekwenda kupimwa mapema, kwa mionzi peke yake au kwa upasuaji mdogo wa leza, hupona. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10. Panda juu kidogo tu, umbali usiofika upana wa kidole gumba, ukute saratani iliyoanzia juu ya nyuzi hizo. Hapo mtandao wa limfu ni mnene na unavuka kwenda pande zote mbili za shingo. Sauti inaweza isibadilike kwa muda mrefu. Mgonjwa anasema anahisi kitu kimekwama, au sikio linamuuma upande mmoja. Anatiwa dawa ya matone sikioni, anarudi, anatiwa nyingine, na sikio lenyewe halina ugonjwa wowote. Neva zinazohudumia koo zina matawi yanayofika sikioni, kwa hiyo maumivu ya koo husikika sikioni. Mtu mzima mwenye sikio linalouma na sikio hilo likaonekana safi, koo lake litazamwe kwa kamera.

Sehemu ya chini ya koromeo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ina nafasi, uvimbe unakua bila kuziba chochote, na wagonjwa wengi wanapofika kwetu tayari tezi za shingo zimevimba. Ndiyo pia inayoongoza, miongoni mwa jirani zake, kwa kupeleka mbegu mbali. Ile ya nyuma ya pua, ambayo mara nyingi huambatana na kirusi cha Epstein-Barr, nayo ni hodari wa kusafiri, na dalili yake ya kwanza kwa wengi ni uvimbe wa shingo, wakati pua na koo vinaonekana havina tatizo.

Sasa tuishike shingo. Nawaomba mfanye nami hapo mlipokaa. Wekeni vidole chini ya sikio, kwenye kona ya taya. Shukeni polepole mkifuata ukingo wa ule msuli mkubwa unaotokeza mkigeuza kichwa, hadi kwenye mtulinga. Kisha upande wa pili. Mkipata kivimbe laini kinachoteleza chini ya kidole, kinachouma kidogo, na mlikuwa na mafua juzi, kitapungua chenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Lakini kivimbe kigumu, kisichouma, ambacho wiki ya tatu bado kipo au kimeongezeka, hicho kinahitaji daktari wa masikio, pua na koo. Kutouma ndiko kunakowaponza watu. Mgonjwa ananiambia, "Niliona hakinisumbui, nikakiacha." Tezi yenye maambukizi huuma kwa sababu inavimba kwa haraka na kuwaka, yenye saratani hukua kimyakimya.

Kuna jambo jingine vidole vinaweza kulijua. Tezi ikiwa bado inasogea, mara nyingi saratani iko ndani ya gamba lake. Ikishikamana na msuli au ngozi, isisogee kabisa, yawezekana imetoboa gamba na kumwagika nje. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Tezi zilizotoboka, tezi nyingi, na tezi za chini karibu na mtulinga, zote hutuonya kwamba hatari ya kusambaa mbali imepanda. Mwaka 2004 yalichapishwa majaribio mawili makubwa, moja la Ulaya na jingine la Marekani, yaliyoonyesha kwamba kwa wagonjwa wenye hatari kubwa baada ya upasuaji, kuongeza sisplatini, ambayo ni dawa ya tibakemikali, juu ya mionzi huzuia ugonjwa kurudi shingoni kuliko mionzi peke yake. Yalipochambuliwa kwa pamoja, waliofaidika zaidi walikuwa wale ambao tezi zao zilikuwa zimetoboka gamba na wale ambao ukingo wa upasuaji ulikutwa na seli za saratani. Kwa hiyo karatasi ya maabara inaposema gamba limetoboka, hayo si maneno ya kupita. Ulizeni juu yake.

Na tafadhali, tezi ya shingo isikatwe kwa pupa. Kwanza koo litazamwe kwa kamera, na tezi ichomwe kwa sindano nyembamba ili seli zipimwe. Kuipasua tezi bila kujua kilicho kooni huacha kovu linalovuruga upasuaji wa baadaye. Wala isitibiwe kwa kubahatisha kwamba ni kifua kikuu cha tezi, miezi ikapita, bila kipimo kimoja kilichothibitisha.

Kipimo nacho kisichukuliwe kuwa neno la mwisho kikikanushwa na dalili. Historia ina mfano unaojulikana dunia nzima. Mwanamfalme Friedrich wa Ujerumani alianza kukwaruza sauti mapema mwaka 1887. Daktari wake Mwingereza, Morell Mackenzie, alitoa kinyama kooni, na Rudolf Virchow, bingwa wa magonjwa wa zama zile, hakuona saratani katika kile alicholetewa. Madaktari wa Kijerumani waliokuwa wakitaka upasuaji wakasimamishwa. Sauti iliendelea kuharibika. Februari 1888 ilibidi atobolewe shingo ili apumue, Machi akawa mfalme mkuu, na tarehe 15 Juni mwaka huohuo akafariki, baada ya siku 99 za utawala. Kinyama kidogo kikichukuliwa pembeni ya uvimbe kinaweza kukosa saratani iliyopo. Dalili zikiendelea, kipimo kirudiwe.

Sasa niwaeleze njia yenyewe, maana watu wengi wanadhani saratani huruka tu kutoka koo kwenda popote.

Kwanza seli zinapaswa kuachana. Seli za kawaida za utando zimeshikana kwa protini zinazozigandisha pamoja. Seli ya saratani hupoteza mshiko huo, ikapata uwezo wa kujisogeza, ikatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha utando wa chini yake, ikaingia kwenye mrija wa limfu au mshipa wa damu. Inayoingia kwenye limfu hufikia tezi za shingo. Ikizipita, limfu yote ya mwili mwishowe humwagika kwenye mishipa mikubwa ya damu chini ya shingo, karibu na mtulinga. Kutoka hapo damu inakwenda upande wa kulia wa moyo, na moyo unaisukuma kwenye mapafu. Mishipa midogo ya mapafu ni myembamba kiasi kwamba seli hizo hunasa. Ndiyo maana mapafu huongoza. Katika saratani nyingi za koo, mapafu ndiyo makazi ya mbali ya kwanza, kisha mifupa na ini. Ile ya nyuma ya pua ina mwelekeo wa mifupa zaidi. Ubongo hufikiwa kwa nadra.

Lakini kunasa si kuota. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa London, Stephen Paget, alichapisha uchunguzi wake wa wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba viungo vilivyoshambuliwa havikuwa vya kubahatisha tu, na akasema seli ya saratani ni kama mbegu ya mmea: upepo huipeleka kila upande, lakini huota tu pale inapokuta udongo unaoifaa. Mwaka 1970 Isaiah Fidler aliziwekea alama ya mionzi seli za saratani na kuziingiza kwenye damu ya panya. Baada ya siku moja nyingi mno zilikuwa zimekufa. Zilizojenga uvimbe hazikufika moja kati ya elfu. Damu inazipiga, kinga ya mwili inazimaliza, na zinazobaki zinakosa chakula. Nalisema hili kwa sababu kuna hofu kwamba kila seli iliyotoroka tayari ni uvimbe mpya. Mwili unazishinda nyingi sana. Taabu ni zile chache, na zile zinazolala bila kugawanyika kwa miezi au miaka kabla ya kuamka.

Kuhusu kulala huko: kwa wagonjwa wengi, saratani ya koo ikirudi mbali, hurudi ndani ya miaka miwili ya kwanza baada ya tiba. Saratani ya tonsili na shina la ulimi inayotokana na virusi vya papiloma (HPV) haifuati sana kanuni hiyo. Kwa ujumla wagonjwa wake wana matumaini makubwa zaidi; katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, baada ya miaka mitatu asilimia 82 ya waliokuwa na virusi hivyo walikuwa hai, wakati wasio navyo walikuwa asilimia 57. Lakini ikisambaa, inaweza kuchelewa zaidi, na ikatokea mahali ambapo hatukuzoea kuikuta. Kwa hiyo aliyepona aina hii asione mwaka wa tatu ndio wa kuacha kliniki.

Nilisema nitarudi kwenye lile doa la pafu. Tumbaku iliyochoma koo ilipita pia kwenye mapafu. Mtu aliyevuta sigara kwa miaka mingi anaweza kupata saratani mpya kabisa ya mapafu, isiyo na undugu na ile ya koo, na hiyo ikigunduliwa ikiwa ndogo inaweza kukatwa au kupigwa mionzi kwa lengo la kuponya. Doa linaweza pia kuwa kovu la kifua kikuu cha zamani, au fangasi, au nimonia inayopona. Madoa mengi ya duara, ya ukubwa tofauti, yaliyotapakaa mapafu yote mawili, hutuelekeza kwenye kusambaa. Doa moja peke yake linataka kipimo cha kinyama, na wataalamu wa maabara wanaweza kulinganisha kinyama hicho na kile cha koo. Kama cha koo kilikuwa na virusi vya papiloma na cha pafu nacho kinavyo, jibu limepatikana. Nawaomba wenzangu wa kazi: tusimwandikie mtu kwamba imesambaa kwa kutazama picha ya doa moja, kama kuna njia ya kulifikia kwa sindano.

Kuna neno jingine linalowavunja watu miguu: hatua ya nne. Mgonjwa anasoma karatasi, anaona tarakimu hiyo, anarudi nyumbani kugawa mali. Kwa saratani nyingi za koo, hatua ya nne ina vifungu. Vifungu viwili vya mwanzo vina maana kwamba uvimbe ni mkubwa au tezi za shingo zimeathirika sana, lakini hakuna kilichopatikana mbali. Wengi wa watu hao hutibiwa kwa lengo la kuponya, na kuna wanaopona. Kifungu cha mwisho tu ndicho kinachosema saratani imefika mbali. Na kwa saratani ya tonsili na shina la ulimi yenye virusi vya papiloma, utaratibu mpya uliotoka mwaka 2017 unaitumia hatua ya nne kwa iliyosambaa mbali peke yake. Karatasi mbili zenye tarakimu moja zinaweza kuzungumzia mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Tazameni herufi M. Ikifuatwa na sifuri, haijaonekana mbali. Ikifuatwa na moja, imeonekana.

Kuitafuta mbali tunatumia skani ya CT ya kifua na, inapopatikana, PET, ambayo mgonjwa huchomwa sukari yenye mionzi kidogo na sehemu zinazoila kwa pupa hung'aa. Si kila king'aacho ni saratani. Hata jeraha linalopona hung'aa. Baada ya mionzi na dawa tunasubiri wiki 12 hivi ndipo tupige hiyo picha, tusije tukasoma uvimbe wa tiba kama ugonjwa.

Na ikionekana kweli imefika mbali? Sitawadanganya. Kwa wagonjwa wengi, kuiondoa kabisa mwilini inakuwa haiwezekani tena, na lengo la tiba linakuwa kuidhibiti, kurefusha maisha na kuyafanya yawe yenye nafuu. Kwa muda mrefu tulikuwa na sisplatini na wenzake, na muda uliopatikana ulihesabiwa kwa miezi. Mwaka 2016 ziliingia dawa zinazofungua breki za kinga ya mwili, nivolumabu na pembrolizumabu. Seli za saratani hujificha kwa kubonyeza breki iliyo juu ya seli za kinga, na dawa hizi huizuia breki hiyo isibonyezwe. Tasuku Honjo wa Japani na James Allison wa Marekani, waliofungua njia ya elimu hii, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Katika utafiti wa nivolumabu kwa watu ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia baada ya sisplatini, baada ya mwaka mmoja asilimia 36 walikuwa hai, wakati waliopewa dawa za zamani walikuwa asilimia 17 hivi. Hii si namba ya kushangilia, kwa kuwa wengi bado hawafaidiki. Lakini ndani ya hiyo asilimia 36 kuna wachache ambao ugonjwa wao umetulia kwa miaka, jambo ambalo zamani tulikuwa hatulioni kabisa. Kabla ya kuanza, kinyama kipimwe kiasi cha alama inayoitwa PD-L1, maana humsaidia daktari kuchagua kama dawa hiyo itolewe peke yake au na tibakemikali.

Kundi jingine lisisahauliwe: mwenye doa moja, au machache sana, yaliyotokea muda mrefu baada ya koo kupona. Huyo anaweza kufanyiwa upasuaji wa pafu au mionzi mikali iliyolengwa, na wapo wanaoishi miaka mingi baadaye. Anastahili jopo la madaktari likae limjadili kabla hajaambiwa hakuna la kufanya.

Mnaouguza nyumbani, sikilizeni sehemu hii kuliko nyingine zote. Mgonjwa aliyewahi kuwa na saratani ya koo akianza kuumwa mgongo maumivu yasiyotulia, yanayozidi akilala, kisha miguu ikawa mizito, akajikwaa, akafa ganzi sehemu za kukalia au mkojo ukagoma kutoka, msisubiri siku ya kliniki. Yawezekana uvimbe wa pingili unabana uti wa mgongo. Anayefikishwa hospitali akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Miguu ikishapooza kabisa, mara chache hurudi. Ni jambo la saa. Mwelezeni daktari wa zamu mapema kabisa kwamba huyu ana historia ya saratani, maana akitajiwa mgongo tu anaweza kumwandikia dawa ya maumivu akamrudisha.

La pili ni kiu kubwa, kukojoa mno, kufunga choo, usingizi, kuchanganyikiwa. Watu husema ni ugonjwa unamalizia. Inaweza kuwa kalsiamu imepanda kwenye damu. Hupimwa kwa damu kidogo tu, na hutibiwa kwa maji ya mshipa na dawa ya kuimarisha mifupa. Mtu aliyekuwa haongei anaweza kuwatambua wanawe baada ya siku mbili tatu.

Maumivu ya mfupa mmoja yana tiba nyepesi ambayo haitumiki inavyopaswa: mionzi ya mara moja tu, grei 8 (grei ni kipimo cha kiasi cha mionzi), ambayo kwa mfupa usiovunjika hutuliza maumivu sawa na ratiba ya siku nyingi. Hakuna sababu ya kumsafirisha mgonjwa dhaifu siku kumi mfululizo kama siku moja inatosha. Na mofini isiogopwe. Ikitolewa kwa kipimo kinachopandishwa taratibu, pamoja na dawa ya kulainisha choo, humwezesha mtu kulala na kukaa na watu wake. Tiba shufaa, yaani ile ya kutuliza maumivu na dalili nyingine, ianze siku ileile ya kugundua kwamba imesambaa, sambamba na dawa nyingine. Kuiacha hadi wiki ya mwisho ni kumnyima mgonjwa haki yake.

Jambo la kuficha. Mara nyingi mtoto wa mgonjwa hunifuata mlangoni, ananong'ona, "Daktari, mzee usimwambie." Namwelewa, anampenda baba yake. Kisha naingia, na mzee, ambaye pengine hana tena sauti, anachukua daftari lake na kuandika kwa herufi kubwa: IMEFIKA WAPI? Alijua. Alikuwa anaijua sura ya mwanawe. Ugonjwa huu humnyang'anya mtu sauti. Tukimnyang'anya na ukweli, tunamwacha peke yake na hofu asiyoweza hata kuitamka. Mimi huanza kwa kumuuliza anataka kujua kiasi gani na nani awepo. Akisema ambieni mwanangu, naheshimu. Akiuliza mwenyewe, namjibu mwenyewe.

Juu ya kinga nitasema machache kwa kuwa mengi mnayajua. Tumbaku na pombe kila moja ina madhara yake, na zikikutana huzidishana. Aliyekwisha kupatikana na ugonjwa asiseme kuacha sasa hakuna faida: mionzi hufanya kazi vibaya kwa anayeendelea kuvuta, na hatari ya saratani ya pili inabaki palepale. Chanjo ya virusi vya papiloma hufaa ikitolewa kabla ya kukutana na virusi, na wavulana nao wana koo.

Mwisho ni ufuatiliaji. Aliyemaliza tiba atazamwe koo na shingo kila mwezi mmoja hadi mitatu katika mwaka wa kwanza, kila miezi miwili hadi sita mwaka wa pili, na kila miezi minne hadi minane kuanzia wa tatu hadi wa tano. Aliyepigwa mionzi shingoni apimwe pia homoni za thairoidi, ile tezi ya homoni iliyo mbele ya shingo, kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, kwani mionzi huichosha, na uchovu wake watu huuhesabu kama saratani imerudi. Njooni na karatasi zote: majibu ya kinyama, kiasi cha mionzi mlichopewa na wapi, majina ya dawa. Na kati ya kliniki na kliniki, zile dakika mbili za kupapasa shingo ziendelee nyumbani.

Nimefikia hapo. Mwenye swali anyooshe mkono, na anayetaka kuniuliza faraghani nitabaki hapa mbele hadi wa mwisho aondoke.